Majani ya Kuwasha kwa Miguu ya Mama

Miguu ya mama ilianza kuharibika alipokuwa na mimba yangu, na koko hakuchoka kunikumbusha. Koko ni mama yake baba. Ndiye aliyetawala nyumba yetu kwenye vilima vya Nyabiondo, kwa kuwa baba alifanya kazi kwenye machimbo ya Walikale, na tulimwona mara moja kwa mwaka, akija na mafuta ya mawese na hasira.

Mishipa ilikuwa imemtoka mama nyuma ya miguu, chini ya magoti, minene, ya rangi ya bilinganya, imejipindapinda kama mizizi. Ikifika jioni mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Tangu utoto alibeba mizigo, kikapu mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kutoka msitu wa kwao Walikale hadi soko la Sake. Miguu imelipiza, alisema koko.

Miaka ile, baada ya vita vya Wazungu, serikali ilikuwa inapanua barabara iliyopita chini yetu, na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mmoja wa kubeba mawe. Kwetu alikwenda mama. Siku ya tatu alianguka na kikapu chake na hakuweza kuinuka. Basi nikatolewa shule ya misheni, msichana wa miaka kumi na miwili, nikaenda badala yake. Mapatano yalikuwa wazi: miguu yake ikipona, narudi shule. Isipopona, nitabeba mawe mpaka niolewe.

Msimamizi wetu, kapita, alikuwa mtu wa kutoka mbali mwenye fimbo ya ngozi ya kiboko. Siku ya kwanza alinipiga kwa sababu nilitua kikapu nifunge kamba. Siku ya pili alinipiga bila sababu yoyote. Nilimchukia mpaka chakula kikanishinda.

Koko alikuwa na dawa, na ilikuwa dawa ya ukatili. Kila alfajiri mama aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanyoosha miguu, akachapwa kwa majani ya kuwasha mpaka ngozi ikaota vipele vyekundu. Kisha akasimama mtoni, maji hadi magotini, meno yakigongana. Mwisho koko alimpaka mawese na kumfunga kwa nyuzi laini za mgomba, kuanzia vidoleni kwenda juu, kamwe si kutoka gotini kushuka. Aliyekosea mpango huo alikula kofi. Nililila mara mbili, na la pili lilinitoa damu puani.

Lakini sharti kubwa lilikuwa jingine. Mpigaji lazima awe na kinyongo na mgonjwa, tena akitamke kabla ya kupiga.

"Mukono isiyo na kasirani inalalisha damu," koko aliniambia. "Sema kwanza kile alikufanya, njo upige."

Mpigaji nilikuwa mimi. Siku za mwanzo nilifurahia, sitaficha. Mama alininyima nyama. Nikapiga. Alininyoa vibaya watu wakanicheka. Nikapiga. Alimpa mdogo wangu blanketi langu. Mama aliuma kitambaa, machozi yakamtoka, wala hakuvuta mguu. Baada ya wiki mbili vinyongo vyangu viliisha, nikaanza kuvitunga, na koko alijua. Akaninyang'anya majani na kunichapa nayo shingoni.

"Usinidanganye. Tafuta ile ya kweli."

Ya kweli nilikuwa nayo, nimeikalia. Asubuhi hiyo, mgongo wangu bado una alama za fimbo ya kapita, niliitoa.

"Mulinitoa ku masomo juu ya miguu yako. Sitajua kusoma. Nitakuwa punda sawa na wewe."

Kisha nikapiga mpaka majani yakakatika na kubaki vijiti, na vijiti navyo nikapiga. Koko aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Njo hiyo. Leo damu imeamuka."

Mama aliteremka mtoni peke yake.

Kesho yake nilimkuta amekwisha kujifunga miguu, kikapu kiko mgongoni. "Enda ku masomo," aliniambia. Koko alimtukana, akamwita mkaidi, akamwita kichwa cha jiwe, kisha akachukua fungu la nyuzi za mgomba na kumfuata, akiendelea kutukana. Nilikwenda hadi pale njia ya misheni inapoachana na njia ya barabarani. Hapo miguu yangu ilikataa shule, nikawafuata.

Nilifika wakati kapita amesimama mbele ya mama. Alisema zile nyuzi ni ujanja wa mvivu, azifungue. Mama alikataa. Kapita akamvuta, akazikata kwa panga, akarudi nyuma hatua moja na kumchapa fimbo juu ya ule mguu wa kushoto. Mshipa ulipasuka. Damu iliruka hadi kwenye kaptula ya kapita, na mama akakaa chini taratibu, akiitazama.

Koko alimlaza, akauinua mguu begani kwake, akakandamiza dole gumba mahali pale. Damu ikasimama. Wanawake walikuwa wametua vikapu vyote. Koko akasema bila kuinua kichwa:

"Huyu kapita naye damu yake imelala. Majani iko pale ku mufereji. Kila mumoja aseme kwanza."

Waliyang'oa kwa mikono mitupu. Wawili walimwangusha, wa tatu akakanyaga fimbo.

"Ulivunja mukono ya mutoto yangu," alisema wa kwanza, akapiga.

"Ulinipiga na mimba." Akapiga.

Mmoja mmoja, bila haraka, walitamka na kupiga, na yule mtu akalia. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilisema, "Ulimupiga mama yangu," nikamchapa usoni, na hata leo sijutii. Viganja vilinivimba siku tatu.

Askari walipokuja, koko alisema ni yeye peke yake. Walimpeleka Masisi, na huko Mzungu mkubwa wa serikali alimwuliza kwa nini alimtendea kapita vile. Akajibu, "Nilimutibu." Wakamfunga miezi miwili, na askari wakamchapa.

Dole lake lilikuwa limemwokoa mama. Kidonda kilifunga, tukaletewa kapita mwingine asiyechapa, mama akarudi barabarani, na mimi nikarudi shule.

Koko aliporudi, miguu yake ndiyo iliyokuwa imevimba, mishipa imemtoka. Hakumsalimu mtu. Alipindua kinu, akakaa, akanyoosha miguu. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka shule. Mama alikuwa tayari ameshika majani.

"Sema kwanza," alisema koko.

Nilingoja kwa hamu. Mama alikuwa na matusi ya koko ya miaka kumi na mitatu ya kuchagua, na makofi, na njaa. Aliyainua majani.

"Ulikawia kurudi," alisema, akapiga.