Rezo ya Nne

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili ya shule, kisha baba akasema inatosha, jembe haiulize daftari. Uongo wa mu bitabu sikufika ku darasa yake. Hii ninayosema niliiona na macho yangu mawili, saa nane ya muchana, jua kali, mbele ya nyumba yangu mu mutaa wa Katuba. Bantu banapenda kusema bintu bya ajabu binatokea usiku. Usiku gani? Mimi ilinikuta niko nakula muhogo ya kuchoma.

Ilikuwa wakati wa vita. Inchi ilikatika mbili kama mukate. Kampani ya mashaba ilikuwa imelala, banaume banakaa ku mulango na overoli safi, kazi hakuna. Na njo wakati ule simu ya mukono ilianza kuingia. Lakini simu ya wakati ule, sikiliza vizuri, haikuwa kama ya leo. Kila kampani na rezo yake, mutandao wake, na muntu wa rezo hii hawezi kuita muntu wa rezo ile. Kama majirani waliogombana: ukuta ni mumoja, salamu hakuna. Tajiri alitembea na simu tatu mu mifuko. Masikini alikuja kwangu.

Sababu mimi nilikuwa na kabine, mahali pa kuita simu kwa kulipa. Meza, parasoli, na simu moja niliyoifunga na kamba ku muguu ya meza. Mutoto wangu wa kwanza, Ilunga, alikuwa dereva wa kamio, lori ya mizigo, ku barabara ya Zambia, na kule njo alinunua ile simu na karte yake, ile kadi ndogo ya ndani. Ile karte ilikuwa ya mugeni. Iliweza kuingia ku rezo yetu yote tatu ya hapa, lakini kwa mupaka: mugeni anaita, mugeni haitwe. Ukiita kwangu, utaongea. Kama muntu anataka kukuita weye kwangu, wapi, haiingie.

Na maandishi ya ule kioo, ndogo kama mayai ya chawa, sikuweza kuisoma. Nilikuwa nahesabu. Nafungua listi ya rezo, nashuka na kidole: ya kwanza ni ya bakubwa ba serikali, ya pili ya bafanyabiashara, ya tatu inafika Kinshasa. Moja, mbili, tatu. Sikukosea hata siku moja, na bale waliosoma walikuwa banakosea kila siku.

Sasa Ilunga alipeleka unga Pweto. Mapigano yakashuka, barabara ikakatika nyuma yake. Myezi ine, hakuna sauti. Mimi mwenye kuunganisha Katuba nzima na bandugu zao, mutoto wangu mwenyewe nilikuwa naita kila asubui ku rezo tatu, moja kisha ingine, na kila moja inanyamaza. Yeye kuniita hangeweza, si nilikwambia? Karte ya mugeni.

Familia ya bwana yangu marehemu ikakaa kikao. Bakasema juma mosi tunaanza kilio, Odette anyolewe nywele kama mujane. Odette ni muke ya Ilunga, na tumbo yake ilikuwa ya myezi saba. Shemeji yangu mukubwa akaniambia, "Mama Ilunga, kukatala kilio ni kumuzuia marehemu njiani." Nikamujibu kwamba sililie muntu ambaye sijaona maiti yake, na kama yeye iko na njaa ya ugali ya matanga aseme, nitamupikia leo. Akakasirika. Lakini juma mosi ilibaki juma mosi.

Alhamisi, yaani inabakia siku mbili, antene zote zikazima. Mazuti, mafuta ya mashini yao, ilikwisha. Ku simu yangu hakuna hata kamustari kamoja ka rezo. Nikaleta muhogo, nikakaa tu.

Kijana mumoja akasimama mbele ya meza. Mukreza, mumoja wa bale ba kuchimba mashimo ya mashaba kule Kambove, nilimujua kwa vumbi. Vumbi ya kijani ya mashaba ilimujaa nywele, masikio, mpaka kope ya macho. Alisimama inje ya kivuli ya parasoli, mu jua ile ya kupasua kichwa, na hakuwa na jasho hata tone. Kuku wangu walikuwa banakula chini ya meza. Bakatoka mumoja mumoja, pole pole, kama bantu banaotoka mu kanisa.

"Jambo, mama. Nataka kuita kwetu."

"Jambo, papa," nikamujibu, vile kwetu tunaita kijana kwa upole. "Rezo hakuna. Antene zote imelala."

"Ya nne iko."

Nikacheka. Nikamwambia hapa kuko tatu, na siku ile hata ile tatu hakuna. Akasema, "Fungua listi, mama. Hesabu."

Nikafungua. Ya kwanza nyeupe, bila mustari, ya pili nyeupe, ya tatu nyeupe. Chini yao, moja ingine. Bamustari yake ilijaa yote. Unaniamini? Usiponiamini, si neno, hata mimi nilifuta kioo na kitenge yangu mara mbili.

Nikachagula. Nikamupa simu. Alishika pole pole, na nikasikia anasema, "Ni mimi. Udongo ulituangukia, tulikuwa saba. Bale sita nasikia bameshafika. Mimi nilitoka mu shimo upande mubaya, nikapotea. Niko Katuba, kwa mama wa simu. Mukuje munichukue." Akanirudishia. Simu ilikuwa baridi kama jiwe ya ndani ya muto.

Weye ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi miguu ilitaka. Lakini mama aliyebakia na siku mbili hakimbie. Nikamushika shati, nikamuuliza kama mutoto wangu Ilunga iko kule kwao.

Akasema yeye ni mupya, hajui bantu. "Ita nimero yake ku rezo hii hii, mama. Kama iko kwetu, atapokea yeye mwenyewe. Lakini hapa weye njo mugeni. Mugeni anaita mara moja, anasikiliza. Jina usiache. Jina ikibaki kule, bataiita, na mwenye jina akiitika, atakwenda."

Nikafinya nimero ya Ilunga. Ikalia. Ulishawahi kuomba Mungu mutoto wako asipokee simu? Mimi niliomba. Ikalia ya pili. Ya tatu. Usipokee, Ilunga. Usipokee, papa.

Ikapokelewa.

Haikuwa yeye. Ilikuwa sauti ya mwanamuke muzee, bila haraka, kama mufanyakazi wa hospitali anayesoma majina ya bagonjwa. Akasema, "Huyu hajafika."

Nililia na kucheka pamoja. Hajafika! Mutoto wangu iko mu dunia hii, iko anakanyaga udongo mahali. Sikufikiri tena kitu. Na ule muzee akauliza, pole pole kabisa, "Nani anamuuliza?"

Sasa elewa. Kwetu, mwanamuke akizaa, jina yake inakwenda kulala. Toka Ilunga alizaliwa, hakuna muntu mu Katuba aliniita na jina ile baba yangu alinipa. Ile ya usiache jina nilikumbuka, ndiyo, sikuisahau. Jina yangu niliifunga mu kinywa, nikajiona muntu ya akili. Nikajibu vile ninajibu kila siku, ku soko, ku kanisa, ku mulango:

"Ni mimi, Mama Ilunga."

Nikasikia kalamu ku karatasi.

"Ilunga," akasema. "Sawa. Tutamuita."

Ikakatika. Kijana alikuwa ananiangalia. Akauliza, "Mama, umesema jina ya nani?" Akatikisa kichwa kama muntu anayeona sahani inaanguka mbali, hawezi kuidaka. Akaenda mpaka ku kona ya avenue, akasimama kama muntu anayengoja lifti. Nikainamisha macho ku simu. Listi ilikuwa na tatu. Nikayainua, na kona ilikuwa tupu.

Kilio nilikikataa. Nilikaa ku mulango na muchi mu mukono, na shemeji yangu alirudi kwake na njaa yake. Na Ilunga alirudi! Alipita Zambia na miguu, kamio ilibaki kule, simu basoldati balimunyanganya. Aliingia kabla Odette hajazaa, mwembamba kama kijiti ya mufagio. Nilitembea mu Katuba nzima na kichwa juu. Nani alisema kweli? Mimi.

Jioni ile akanyoosha mukono ku simu ya kabine, apashe barafiki habari kwamba iko muzima. Bamustari ya rezo yote ikaanguka. Kisha ikajaa. Na ile karte ya mugeni, ile isiyoitwa na muntu, ikalia. Ilunga akafungua kinywa aseme alo. Nilimupiga mukono, simu ikaruka mu sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Tulimwanga sombe yote, na ilikuwa na karanga.

Toka siku ile mutoto wangu hashike simu. Sasa iko na mvi, iko na batoto watano, rezo zote zinapatana, bajukuu bangu banaongea na Ulaya wakiwa banachota maji. Lakini Ilunga akikaa karibu na simu ya muntu, inalia bila nimero. Mu kanisa anakaa benchi ya nyuma, peke yake. Simu za nyumba zinalala kwa jirani. Alikatala kazi muzuri mara tatu sababu patron, mukubwa wa kazi, anataka dereva wa kuitwa ku simu. Hajanilaumu hata siku moja, na hiyo njo inaniuma zaidi.

Mimi ni muzee, nitamutangulia. Nikifika kule, sitatafuta bwana yangu kwanza. Nitatafuta ule mwanamuke na daftari yake, na nitakaa mbele yake mpaka afute.

Weye mwenye kusikia hii, hesabu rezo yako. Ikizidi moja, zima simu, hata kama iko na bamustari yote. Na sauti usiyoijua ikikuuliza ni nani, funga kinywa. Kama inakushinda kufunga, toa jina ile baba yako alikupa, hata kama imekuwa ngeni mu ulimi. Usisimamishe jina ya mutoto mbele yako ku mulango.