Ubao wa Mama Rula

Miaka kumi na tisa alisimama bandarini na gambuti zake, mkaguzi wa samaki, akipima jodari kabla hawajaingia kiwandani, ndiyo maana wakamwita Mama Rula. Samaki aliyepungua kipimo alikataliwa na meli ikaandikiwa faini. Hata nahodha apige magoti, ng'o!

Mwaka jana kampuni yenye zile meli za nyavu kubwa ilileta ubao mpya wa kupimia, uliochongwa na mumewe mwenyewe, fundi seremala. Mama Rula akavimba kichwa kwa raha. Tangu hapo jodari wote wakawa wanafaulu, na wavuvi wadogo waliopigania meli hizo zizuiwe wakashindwa barazani kwa takwimu zake.

"Umetuuza, mama!" alifoka kiongozi wao, akimbwagia samaki miguuni pamoja na futi ya fundi cherehani. "Haya, mpime huyu!"

Akampima kwa hasira. Ubao ulisema sentimita sitini, futi ikasema hamsini. Akarudia. Hamsini vilevile. Alipoinua kichwa cha samaki ndipo akaona: namba za ubao zilianzia kumi, palepale kichwa kinapofunika. Lahaula! Mwaka mzima alikuwa akipitisha samaki wachanga, ambao hawajataga hata mara moja, tena kwa sahihi yake!

Nyumbani hakubisha hodi wala kuvua viatu. "Baba watoto, umenifanyia nini?"

"Walitaka uwe hivyo. Sikuuliza," mumewe akajibu, macho kwenye randa.

"Hukuuliza! Mdomo huo ni wa kulia chakula tu?"

"Barazani usinitaje. Nitakosa kazi mji mzima."

Siku ya baraza, Mama Rula alipouonyesha ubao ule, meneja wa kampuni alicheka kwa dharau. "Ubao kauchezea mwenyewe huyu mama. Shahidi wake nani?"

Mama Rula akainuka. Jina lake lilikuwa linakwenda na maji, na bahari wanaimaliza hivihivi, huku huyu mshenzi anacheka!

"Shahidi yule pale nyuma, mwenye shati la buluu. Baba watoto, simama!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mumewe akasimama polepole, kofia mkononi.

"Ubao niliuchonga mimi, na walioniagiza ni hao," alisema. "Nyumbani nilidanganya, mke wangu. Niliuliza. Wakaniambia, ukitoka kwa mumewe, hataukagua."

Mama Rula alifungua kinywa amtukane. Matusi alikuwa nayo tele, lakini akauinua ubao, akagusa ile kumi ya mwanzo. Hakuwa ameukagua.