Nati Nne za Kiti cha Ochieng'

Ni mimi niliyezifungua. Kwa miaka arobaini nimesema sikuzigusa, nimeapa hata mbele ya shangazi aliyesifika kwa kunusa uongo, lakini harufu ya mafuta ya cherehani haijawahi kuniamini. Nikiinusa tu, vidole vyangu hukumbuka zile nati zenye masikio, baridi, telezi, zikizunguka bila ubishi wowote.

Baba alikuwa fundi wa cherehani, na karakana yake ilikuwa kombi kuukuu. Likizo ya Agosti tulihamia humo sote: yeye, Mama, mimi wa miaka tisa, na mdogo wangu Ochieng', ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza mwaka. Tulitoka Migori tukifuata siku za soko, Karungu, Homa Bay, kisha Lambwe, tukilala juu ya kitanda cha mbao alichokipigilia nyuma. Jumamosi, kwa kuwa tulikuwa Wasabato, hatukusafiri, tuliegesha karibu na kanisa, na waumini waliochungulia dirishani walikuta sufuria zetu zikining'inia juu ya vyerehani. Siku hizi maisha ya namna hiyo yana picha nzuri mtandaoni. Sisi tulionewa huruma.

Enzi zile mtoto safarini alipakatwa, basi. Baba hakuridhika. Alikata miguu ya kiti cha mbao, akakitia mto, akakishonea mkanda wa turubai wenye mishono mitatu sambamba. Akakifunga kwa boliti nne zilizopenya ubao wa kitanda, na nati za kukazwa kwa vidole, kwa kuwa kila jioni ilibidi king'olewe tupate pa kulala.

“Baba Akinyi,” Mama alimtania, “mkanda huu umeshonwa vizuri kuliko gauni langu la harusi.”

“Gauni si alishona kaka yako?” Baba akajibu.

Ubaya wa kiti hicho ni mmoja tu: kilichukua dirisha langu. Asubuhi moja tulipokuwa tukijiandaa kutoka Homa Bay kwenda Lambwe, Mama akiwa anachagua dagaa wa omena na Baba anafunga mizigo, nilizifungua nati zote nne ili nikisogeze kiti kiasi cha kiganja. Nilitaka kuona twiga wa bonde la Lambwe. Nati nilizitia katika kopo langu la vifaa vya jiometri, nikijiahidi kuzirudisha jioni. Baba akaja, akamfunga mtoto, akauvuta mkanda mara mbili, akaridhika bila kuchungulia nati chini ya ubao. Huko Lambwe ng'ombe walikatiza barabara ghafla, Baba akakanyaga breki, na kiti kikaruka pamoja na mtoto wake. Mkanda haukuachia hata uzi. Ochieng' aligonga kidevu kwenye chuma cha cherehani, na kanga ya Mama ikalowa damu.

“Nani aligusa nati?” Mama aliuliza.

“Si mimi.”

Akamgeukia Baba. “Basi hukukaza.”

Baba aliitazama mikono yake. “Sikukaza,” akasema.

Kidevu kilishonwa, kikapona. Mama hakuturuhusu tena kupanda gari lile, na kila Agosti Baba aliondoka peke yake. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, yangu hawakuipima.

Leo nina shahada mbili na gari langu mwenyewe la kulala ndani. Wiki iliyopita Ochieng', ambaye ndevu zake zimekataa kuota juu ya kovu, aliliomba awapeleke mapacha wake Lambwe. Fundi wa hapa Migori alikataa katakata kufunga viti vya watoto kwenye benchi la pembeni. Mtoto hukaa kwenye siti ya gari inayotazama mbele, alisema, na mkanda wake ushike chuma cha bodi. “Mbao hushika godoro, madam. Haishiki mtoto.”

“Ilimradi nati zisikazwe na Mzee wetu,” Ochieng' akasema, na karakana nzima ikacheka. Nami nikaanza kucheka, kwa mazoea. Kisha nikatoka nje, nikampigia Baba.

“Baba, zile nati nilizifungua mimi.”

Nilisikia kuku wake, kisha yeye. “Najua, Mama.” Huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. “Nilizikuta kwenye kopo lako wiki ileile.”

“Kwa nini ulikubali lawama?”

“Ningemwita mama yangu mwongo mbele ya watu? Halafu, kiti ambacho mtoto anakifungua kwa vidole, kosa ni la fundi.” Akakohoa. “Ila nilingoja uniambie. Kila Agosti, kabla ya kuondoka, nilikuwa nauacha mlango wa gari wazi kidogo.”

Nikamwambia niko karakana, viti vya mapacha vimeshafungwa.

“Hivyo viti vya wajukuu, vimeshika mbao au chuma?”

“Chuma, Baba.”

“Vitikise tena. Kisha umwambie Ochieng'. Mimi niko kwenye laini, nasubiri.”