Mlinzi wa Darajani

Enzi zetu sinema haikukaa mfukoni. Ilikuja kwa gari, mara moja kwa mwaka kama mwaka ulikuwa mzuri, na mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu wamalize mapema kazi za shamba la ujamaa. Mliokuwa wadogo nyakati zile mtakumbuka: kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili, jenereta ikinguruma, vumbi, harufu ya dizeli, na karanga za kukaanga mkononi. Kwanza tulionyeshwa namna ya kuchimba choo. Tulikitazama kile choo kwa adabu zote, maana tulijua bila choo hakuna mapigano.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Sepuka. Mwaka ninaousema, baba alikuwa amelala ndani ya tembe, mguu umefungwa vijiti, baada ya kupigwa teke na dume la ng'ombe. Hakuna aliyeisubiri sinema kama yeye. Aliposikia kwamba safari hii inaletwa filamu kubwa ya mapigano kutoka ng'ambo, iliyokula mali kuliko ng'ombe wote wa wilaya, alijiinua akaegemea ukuta. Kisha akaniita mimi na kaka yangu Issa.

"Nendeni mkaniangalizie," akasema. "Mtaniletea habari."

Wanyaturu wenzangu wanajua neno hilo lilivyokuwa zito. Kwetu mwenye ng'ombe hakuwaweka wote zizini mwake. Wengine waliishi kwa ndugu na marafiki, kama wetu wa Sepuka, ili ugonjwa ukiingia usimfilisi. Mtoto aliyetumwa kwenda kuwaangalia, akirudi hakuropoka tu. Aliketi, akapewa maziwa mgando, kisha akaeleza ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake: nani amezaa, nani anachechemea, nani hakuonekana na kwa nini. Ukimruka hata ndama mmoja, ilihesabiwa kwamba hukufika. Kazi hiyo alipewa Issa kila mara. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa nimeiomba hadi mama akaniambia niache kumchosha baba. Jioni ile nilikwenda kwenye sinema kama mtu anayekwenda kwenye mtihani.

Filamu yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Shujaa alivaa suti nyeupe ambayo haikuchafuka hata alipoanguka mtoni. Alikimbizwa na magari mlimani, akaning'inia kwenye helikopta, na mwishowe daraja refu likalipuliwa, hata wazee wa mbele wakarudi nyuma na vigoda vyao. Maneno yalikuwa ya Kizungu, kwa hiyo bwana sinema alitueleza kwa kipaza sauti: "Sasa adui amekasirika." Baada ya muda: "Sasa amekasirika zaidi."

Kulipokucha, ng'ombe wakikamuliwa, baba alituketisha na maziwa yakaja. Issa alianzia darajani, akapiga mabomu kwa mdomo, akamaliza kabla povu la maziwa halijatulia. Baba akanigeukia mimi. Nikaanza mwanzo, mtu mmoja mmoja, kwa nguo yake.

Baba alikuwa ameisikia mishindo yote kutoka kitandani, akataka kujua kila mmoja ulikuwa wa nini. Helikopta haikumshangaza sana. Alichouliza ni shujaa alikula wapi siku zote tatu alizokimbizwa.

"Hakula, baba."

"Hiyo ni kasoro. Na daraja?"

"Daraja lilikuwa zuri sana."

"Nililisikia. Kwa hilo nawasifu."

Hapo nikafika kwa mlinzi. Alikuwa mzee mwenye kikopo cha chakula, amekaa pembeni ya daraja. Shujaa alimpiga kwa kiwiko, mzee akaanguka nyuma ya pipa, na punde daraja likalipuka.

"Akaenda wapi?" baba akauliza.

Sikujua. Nilirudi nyuma kichwani, nikatafuta, sikumwona. Nikasema hawakuonyesha. Issa akadakia, "Mimi nilimwona. Aliamka akakimbia."

Baba alitutazama wote wawili. "Mmoja wenu hakufika," akasema, akageukia ukutani.

Maneno yale yaliniuma kuliko fimbo. Niliacha maziwa, nikakimbia hadi shuleni ilikoonyeshwa sinema, ambako gari lilikuwa bado limesimama na bwana sinema anakunja waya.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Baba amenituma niulize. Yule mlinzi wa darajani alipona?"

Baba hakuwa amenituma. Bwana sinema alicheka, halafu akaona machozi yangu, akaacha kucheka. "Filamu hii nimeionyesha Manyoni, nimeionyesha Shelui," akasema. "Hakuna aliyeniulizia huyo."

Alifungua kopo la mikanda, akaivuta filamu taratibu, akatafuta kwa muda mrefu. Kisha akaiinua kwenye jua. Zilikuwa picha ndogo ndogo zimepangana: mlinzi amelala, amelala, amelala, halafu pipa na moshi, halafu mwanamke anakunywa chai hotelini. Tukaisogeza hadi mwisho. Mlinzi hakurudi.

"Mwambie baba hata mimi sijui," akasema.

Nilimweleza baba nilichoona, na kwamba nilikwenda bila kutumwa. Akauliza, "Watu wenye mali yote ile wameshindwa kumtafuta mzee mmoja?" Issa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Jumamosi utakwenda Sepuka wewe," baba akaniambia. Nilifurahi hadi nikashindwa kumaliza maziwa yangu.

Leo baba ametangulia, na wajukuu zangu wanatazama filamu kwenye simu, tatu kwa siku moja, zile sehemu za mazungumzo wakiziruka. Ukiwauliza ilikuwaje, wanasema, "Bibi, ilikuwa kali." Kali vipi? "Kali tu." Sisi tulitembea na sinema moja mwaka mzima, tukaichambua kisimani na machungani hadi ikaisha utamu. Hawa wameona kila kitu, na hakuna mwenye habari.

Disemba iliyopita Rehema, mjukuu wangu anayesoma Dodoma, alinionyesha moja. Magari yaliruka, majengo yakaanguka, na kweli wenzetu wameendelea. Mlangoni mwa benki askari mmoja alisukumwa akaanguka. Nikauliza amepatwa na nini.

"Bibi, huyo si muhimu," akasema.

Nilitazama hadi mwisho, lakini moyo wangu ulibaki pale mlangoni, na nilimkumbuka baba kwa uchungu ambao sikuutegemea.

Wiki mbili baadaye simu ikalia.

"Shikamoo Bibi. Ile filamu nimeirudia yote, mwanzo hadi mwisho. Yule wa mlangoni hawakumrudisha."

Nilikaa chini. Nikamwambia akija likizo atakuta nimemwekea maziwa.