Mfuko wa Wobbe

Siku ya kwanza Wobbe Terpstra, mchuuzi wa ng'ombe, alipoingia kwa Jeltje, muuguzi wa wagonjwa wa kiharusi, alinyoosha kiganja cha kulia, kizito bado kwa kiharusi.

"Piga, sista. Umeandika vidonge vinne. Nakupa viwili."

Kwao Friesland, Uholanzi, ng'ombe hauzwi kwa maneno matupu. Kila bei na kofi lake kiganjani. Jeltje, binti wa mfugaji, akakipiga kiganja.

"Vinne, mzee wangu. Shukuru sijasema vitano."

"Unanichinja mchana kweupe!"

"Bora mimi kuliko kiharusi cha pili."

Wobbe alitaka kurudi soko la ng'ombe la Leeuwarden. Mkewe alikuwa amemfichia mabuti mpaka Jeltje aseme ndiyo, na Jeltje hasemi ndiyo mpaka presha ishuke chini ya mia na thelathini. Miezi mitatu presha ikagoma. Daktari wa ubongo akaongeza kidonge, wa familia naye akaongeza chake.

Jeltje aliona biashara inaelekea hasara. Akawakalisha wote meza moja, pamoja na mfamasia, na Wobbe katikati.

"Haongezi mtu kitu leo. Mzee, toa vya mfukoni."

Kisu, kamba, na mfuko wa pipi nyeusi za chumvi, umebaki nusu.

"Unakula ngapi?"

"Kwa siku? Mfuko. Sokoni, mdomo ukitafuna, uso hausemi bei."

Mfamasia akashika kichwa: mizizi mitamu ya licorice iliyomo ndani ya pipi zile hupandisha presha. Hakuna aliyewahi kuuliza, maana kwao nani asiyezila? Daktari wa familia aliacha kutafuna ghafla.

"Nusu mfuko," Wobbe akasema, akapiga kofi.

"Hata moja." Kofi.

"Moja tu, Jumapili, baada ya kanisa! Sista, una roho ya mtoza ushuru!"

"Hata moja. Presha ikishuka, mabuti yako hayo."

Wobbe akahema, akakishukia kiganja cha Jeltje kwa mkono ule ule wa kulia, mpaka vikombe vikacheza.

Baada ya wiki sita: mia na ishirini na sita. Ijumaa hiyo Wobbe alirudi sokoni na mabuti yake, akauza mitamba sita, akicheka mdomo mtupu. Vidonge viwili vya nyongeza vilifutwa. Jeltje alipata mgonjwa asiyekosa kliniki, akapoteza kopo la pipi zile zile lililokuwa ndani ya droo yake mwenyewe. Wobbe hakuondoka ofisini mpaka alipoliona limemwagwa.