Difu ya Mbio na Harusi ya Dada Zuhura

Wenzangu mliokulia Nachingwea mtanielewa: enzi zetu gari la mzazi mmoja lilikuwa gari la mtaa mzima. Pikapu ya baba ikikohoa, majirani walitoka na vikombe vyao vya uji kuja kuisikiliza. Sisi watoto tuliacha rede na kombolela, tukalala kifudifudi mchangani kuchungulia uvunguni, na hakuna aliyetufukuza. Ndiyo maana mimi, mwanamke ambaye sijawahi kushika usukani, najua difu ni nini. Na ndiyo maana nikimkumbuka marehemu baba yangu, nampenda, namwombea, kisha nachoka.

Difu, kwa asiyejua, ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani mna gia mbili, ndogo na kubwa, na meno yake ndiyo yanayoamua gari liwe na nguvu au liwe na mbio. Huwezi kupata vyote viwili. Baba alitaka vyote viwili.

Ya kwetu ilisagika kijijini Kiegei, pikapu imejaa magunia ya ufuta. Trekta likaivuta hadi mjini. Baba akaenda na mjomba Hamisi, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, mpaka kwenye uwanja wa fundi mmoja uliojaa magari yaliyokufa. Sisi watoto tukafuata, ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, mikononi, chumvi imetuganda midomoni.

Zikapatikana difu mbili za pikapu kama yetu. Kwa nje, pacha. Mjomba akazilaza juu ya gunia, akaweka alama ya chaki kwenye gia kubwa, akaanza kuizungusha ile ndogo kwa mkono, nasi tukihesabu kwa sauti kama tuko darasani. Kwenye difu ya kwanza, gia ndogo ilizunguka karibu mara tano ndipo kubwa ikamaliza mzunguko mmoja. Kwenye ya pili ilizunguka mara tatu na ushee tu.

"Hii ya kwanza ndiyo yetu," mjomba akasema. "Nzito kwenda, lakini mlima inapanda. Ile nyingine ni ya kukimbilia tambarare bila mzigo."

Macho ya baba yalikuwa kwenye ile nyingine. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Mkotokuyana aliyekuwa akimpita kila siku ya mnada na kumwachia vumbi kwenye kanzu.

"Vumbi la watu nimelila vya kutosha," baba akasema. "Tufunge ya mbio."

"Shemeji, barabara ya Ruangwa ina milima, haina mashindano."

"Gari ni la nani?"

Neno hilo lilimaliza mabishano yote nyumbani kwetu, hata yasiyohusu gari. Mjomba akafunga difu ya mbio huku akitikisa kichwa.

Na tulifurahi, siwezi kukataa. Tambarare, bila mzigo, pikapu ilipaa. Tulisimama nyuma tukitafuna mabibo, maji yake yakaturukia usoni, tukapiga mayowe. Baba alimpita yule bwana wa Mkotokuyana na kumpigia honi ndefu isiyo na adabu. Mama alisema neno moja tu: "Haya."

Kisha dada Zuhura akaolewa Nambilanje.

Tulipakia godoro, masufuria, mchele, mashangazi, na juu ya vyote bi harusi. Upande wa bwana harusi ulikuwa umetuma ujumbe: bi harusi afike kabla ya alasiri, la sivyo wageni watatawanyika na maneno yataanza kwamba binti amekataa. Wenyewe mnajua maneno ya namna hiyo huko kwetu. Humfuata mwanamke mpaka kwa wajukuu.

Ruangwa tulipita tukiimba. Mbele kidogo kikaja kilima. Mjomba akaweka gia ya kwanza, pikapu ikaunguruma, ikatetemeka, ikazima. Akajaribu tena. Ikaanza kurudi nyuma, mashangazi wakaacha vigelegele na kuanza shahada. Tukashuka sote. Tukasukuma. Tukashusha mchele, tukasukuma tena. Mwishowe klachi ikaungua, harufu yake ikatanda kilima kizima, na gari likatulia kabisa kama punda aliyekasirika.

Baba alisimama jua kali akiwa na kanzu yake mpya, akasema, "Injini haijapata joto vizuri." Naapa, alisema hivyo!

Zuhura alivua viatu, akakunja gauni mkononi. Hina ya miguuni ikaingia vumbini. Alipofika aliposimama baba, hakupandisha sauti.

"Baba, leo ulikuwa unashindana na nani?"

Baba akainama, akachukua godoro, akalibeba kichwani, akaanza kupanda kilima. Mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akibeba hata ndoo. Nasi tukabeba tulivyoweza, tukamfuata.

Alasiri ilikuwa imepita zamani tulipokutana na bwana harusi, Bakari, anakuja kwa baiskeli na vijana wenzake, uso umemshuka. Alimwona mkewe peku, akamwona mkwewe chini ya godoro. Alilipokea godoro, akampakia Zuhura kwenye baiskeli, na msafara ukaendelea kwa miguu hadi Nambilanje.

Klachi ilipotengenezwa, baba mwenyewe alirudi kwa yule fundi kuifuata difu nzito. Tangu hapo kila gari lilitupita, na baba alitazama mbele tu. Lakini hakuna kilima kilichotushusha tena.

Leo mwanangu Rashidi ameua difu yake, kaagiza nyingine kwa simu, kwa picha! Nikamuuliza, "Umehesabu meno?" Akacheka. "Mama, relaksi, muuzaji kasema inaingia fresh." Inaingia! Hata kiatu cha mwenzio kinaingia. Nikamweleza habari za difu ya mbio mpaka sauti ikakauka, naye akaniambia nimtumie ujumbe wa sauti, atausikiliza baadaye. Wamezaliwa na nani hawa?

Lakini nikiwa peke yangu nasema ukweli. Siku hizi watoto wetu wanakwenda kwa Zuhura bila kushuka garini hata mara moja. Wanafika nusu yao wamelala, wanauliza kama mtandao unashika, chai haijachemka wameshageuza gari. Zuhura anabaki mlangoni na birika lake. Sisi siku ile tuliingia Nambilanje jua linazama, peku, vumbi kooni, masufuria vichwani, na kijiji kizima kilikuwa bado kimesimama njiani kinatusubiri.