Msimu Tuliolala Juu ya Tela

Enzi zetu, sisi watoto wa Nkololo, gari halikuwa kitu cha kupanda. Lilikuwa kitu cha kukimbiza. Likipita moja barabarani tunaacha hata ugali, tunalifukuza mpaka lituzidi, kisha tunasimama katikati ya vumbi lake na kulivuta puani, lile vumbi lenye harufu ya mafuta, kama watu wanaonusa mchuzi wa jirani. Tukirudi nyumbani tunaunda ya kwetu kwa mabua ya mtama. La kwangu lilikuwa na mbio za ajabu. Siku moja lilinitangulia kufika kisimani. Mwanangu leo ana gari la betri linalowaka taa na kuimba, na bado ananiambia linaboa.

Basi fikiria mwaka ule baba alipoleta gari la kweli. Lilikuwa kuukuu, la porini, tairi zote nne zinavuta, alilolibadilisha kwa ng'ombe na mtu mmoja wa Lamadi. Mabati yake manene kiasi kwamba mvua ya mawe ingelipiga ingeomba radhi. Baba akaliita Nzagamba, ambalo kwa Kisukuma ndilo dume kubwa la zizi, na akalitunza kama dume hasa. Asubuhi analiambia "Mwangaluka" kabla ya kutusalimia sisi. Jioni analifuta kwa kanga kuukuu ya mama. Na sheria yake tuliijua kuliko sala: ndani ya Nzagamba hakuna kula, hakuna kulala, na miguu yenye tope ibaki nje.

Kila mwaka mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika, familia yetu ilihamia mbugani, ng'ambo ya Mwandoya, kwenye shamba la pamba la baba. Shamba lenyewe, msinione muongo, nilipokuja kusoma jiografia shule ya usiku, ndevu zimeshaota, mwalimu akasema dunia ni mviringo, mimi nilikuwa najua zamani. Shamba la baba lilikuwa linapinda upande wa pili. Huko tulikaa wiki nyingi tukilima na kupanda, tukilala chini ya turubai. Lakini mwaka uliotangulia turubai lilipasuka mvua ikinyesha, na mdogo wetu Kabula, aliyekuwa bado ananyonya, akalowa, akaugua kifua. Mama alimbeba mgongoni kwa miguu hadi zahanati. Kabula alipona. Hofu ya mama ndiyo haikupona.

Siku baba alipotangaza safari, mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua hata uso.

"Baba Ngasa," alisema, na Ngasa ni kaka yangu mkubwa, "turubai nimelikataa. Nataka nyumba huko, niione kwa macho yangu. Tone moja likimgusa mwanangu, trekta lile lile litakalotupeleka litanirudisha. Naenda kwetu Lalago na Kabula. Ninyi mtapikiana."

Baba alicheka. Mimi na Ngasa hatukucheka. Ugali wa baba tulikuwa tumeshauonja. Ukimtupia mbwa, mbwa anauzunguka kwanza mara tatu, halafu anakutazama wewe kwa huruma.

Nyumba gani itasimama porini kabla ya mvua, na jembe linasubiri? Baba alizunguka ua siku mbili, mikono nyuma, kisha akasimama mbele ya tela la kubebea pamba. "Mayu!" akaita. "Njoo uone nyumba yako!" Mama akaja, akaliona tela, akarudi kupepeta.

Bado nasikia nyundo za siku zile na kunusa mbao mbichi. Baba alitaka tela lifanye kazi mbili: njiani libebe Nzagamba, likifika liwe nyumba. Rafiki yake Masanja, mwenye trekta, alishindwa kuelewa.

"Kaka, gari lina injini na tairi. Unalibeba la nini?"

"Wewe dume lako la kulimia unalichosha kwa safari?" baba akamjibu. "Kazi yake inaanzia kule."

Akasimamisha nguzo kwenye kona. Vitanda vya kamba akavining'iniza ubavuni kwa bawaba za mpira wa tairi, vikunjwe juu njiani na kushushwa tukifika. Kuta zilikuwa magunia ya pamba ya kukunjua. Nyuma akaweka mbao mbili nene za kupandishia gari. Watu walikuja kutoka kila upande kutazama; wengine, naapa, walilala njiani. Juu akaezeka nyasi. Bati hakutaka kulisikia, lina joto. Alichagua nyasi nene, za dhahabu, zenye harufu tamu ya mavuno, ukipita chini yake unajisikia usingizi. Alipomaliza, mama alipanda ngazi na ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya paa, kisha akaingia chini yake na kukinga kiganja. Akasubiri. Kiganja kikabaki kikavu.

"Haya," akasema.

Kwa neno hilo moja baba aliimba siku mbili.

Ile safari mpaka leo naiona kama ndoto ya mchana. Mbele trekta, nyuma tela, juu ya tela nyumba, ndani ya nyumba gari, ndani ya gari sisi, tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa siri, baba asituone. Kivuli chetu kilitembea juu ya mbuga kama mnyama mpole asiye na jina. Watoto wa kila kijiji walitukimbiza. Nikageuka nikawaona wamesimama ndani ya vumbi letu, wakilinusa, nikawahurumia kama mfalme.

Ngasa alikuwa ametangulia kwa miguu na ng'ombe wa kulimia, tukamkuta ameshafika nao. Kiangazi hakikuacha hata jani, na ng'ombe walikuwa mbavu tupu. Baba akamshusha Nzagamba taratibu, akashusha vitanda, akakunjua kuta. Mama aliingia, akagusa nguzo moja moja, akatundika kibuyu chake cha maziwa. Sote tukapumua.

Hapo ndipo baba, kwa furaha, akasema, "Twendeni kisimani kwa gari! Ngasa, wewe baki na ng'ombe."

"Mimi?" Ngasa karibu alie. "Nimetembea siku mbili, halafu ninyi mpande gari mimi nitazame mikia? Ng'ombe wenyewe wamechoka, hawaendi popote."

Baba alikuwa na moyo laini siku hiyo. "Haya, panda." Hata Masanja akapanda. Hakubaki mtu.

Na kweli, tuliporudi ng'ombe walikuwa hawajaenda popote. Walikuwa wamelizunguka tela, vichwa juu, wanatafuna polepole, kwa macho ya wageni waliokaribishwa vizuri. Paa letu la dhahabu lilikuwa fito tupu, na juu ya fito mawingu, meusi, yamejaa. Dume mmoja akavuta unyasi wa mwisho, akautafuna akitutazama.

Masanja akakohoa. "Shemeji, nigeuze trekta?"

Mama, Kabula mgongoni, alitazama mbingu, kisha akamtazama baba. Baba hakumlaumu Ngasa, hakuwalaumu ng'ombe. Aliingia garini, akalilenga kwenye zile mbao mbili, akalipandisha tena juu ya tela, chini ya fito tupu. Akashuka, akafungua milango yote.

"Ingieni," akasema. "Na miguu yenu hiyo hiyo."

Mama hakusogea. "Tukila humo?"

"Kuleni."

"Tukilala?"

"Laleni."

"Na mtoto akikojoa?"

Baba akakipangusa kiti kwa kiganja. "Akojoe."

Mama akapanda. Mlango ulipofungwa tu, mvua ikashuka kana kwamba ziwa zima la Lamadi limeinuliwa na kupinduliwa. Ilipiga bati la Nzagamba hata tukawa tunaongea kwa ishara. Kabula alilala kwenye kiti kile kitakatifu, na mama akampapasa kichwani, mgongoni, nyayoni, akarudia tena mara tatu. Mkavu. Mvua ilipokatika, mama akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji Masanja, nenda salama. Wasalimie Nkololo."

Gari lilibaki juu ya tela msimu mzima wa kupanda. Nyasi za kuezekea hazikuwepo, na mvua haikutoa nafasi. Baba akawa anaenda Mwandoya kwa miguu kufuata chumvi na mafuta ya taa, na wenyeji wakamzoea.

"Mwenye gari! Mbona unatembea?"

"Limelala."

"Limeharibika?"

"Limelala na watoto."

Juzi mpwa wangu wa Bariadi mjini alinionyesha kwenye simu tela la kupigia kambi: vitanda vya kukunja, friji, taa za rangi, na gari la porini limepanda nyuma. "Anko, hiki kitu kipya kabisa duniani," akasema. Nilipomsimulia la kwetu akacheka. "Anko, acha kamba." Nikamwacha. Vijana wa sasa wakienda kulala porini wanabeba na nyumbani kote, halafu wanalala mapema kwa kuwa mtandao haushiki.

Mimi nami siku hizi nafuata chumvi kwa gari, hatua mia moja kutoka mlangoni. Nikirudi, kila mmoja yuko chumbani kwake na simu yake. Nafungua geti mwenyewe. Jioni zile za mbugani mama alisimama ukingoni mwa tela, kiganja juu ya macho, akiitazama njia ya Mwandoya mpaka kitone cheusi kiwe mtu, na mtu awe baba, amelowa chapachapa.

"Sogezeni sufuria motoni," alikuwa akisema. "Mwenye gari huyo anakuja."